Baada ya Kuandikisha Ripoti: Yanayomngoja Aliyepigwa Nyumbani

Hotuba kwa akina mama, wazazi na wazee wa mitaa, mjini Lamu

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mashehe na maustadhi wetu, wazee wa mitaa, akina baba mlioacha shughuli zenu, mama zangu na dada zangu mliotoka Shela, Matondoni na Kipungani, nanyi mliovuka maji kutoka Mokowe, Pate na Ndau, nawashukuru kwa kuitika mwito huu. Najua kwamba wengine wenu mmetoka nyumbani bila kusema mnakuja kusikiliza nini, na kwa hao shukrani zangu ni kubwa zaidi.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya usaidizi wa kisheria alinijia mama mmoja aliyekuwa ametoka kituo cha polisi muda mfupi tu uliopita, mkononi ameshika kikaratasi kilichoandikwa namba, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Aliniuliza swali moja: “Mwanangu, sasa itakuwaje?” Nilimjibu kwamba polisi watafanya kazi yao, na kwamba yeye aende akapumzike. Nilimjibu hivyo kwa sababu sikuwa na jibu jingine. Siku mbili baadaye mumewe aliachiliwa kwa dhamana akarudi mtaani, na mama yule akaamini kwamba ripoti yake imetupwa. Haikuwa imetupwa; jalada lilikuwa limefunguliwa na mashtaka yalikuwa yakiandaliwa. Lakini hakuna mtu aliyemwambia kwamba mshukiwa anaweza kurudi nyumbani hali kesi bado ipo, na mimi niliyepaswa kumwambia nilimtuma akapumzike. Hakurudi kituoni, wala hakurudi kwangu.

Kwa hivyo leo sikuja kuwahimiza watu waripoti. Himizo hilo mmelisikia katika redio, kliniki na mabaraza ya machifu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na miongoni mwa hao wapo waliojaribu kuripoti wakakata tamaa njiani. Kumwambia mtu aende akaripoti bila kumweleza yatakayofuata ni kumpakia chomboni usiku bila kumwambia kwamba mbele kuna mkondo. Nimekuja kuueleza mkondo huo.

Nianze kituoni kwenyewe. Ufikapo, askari wa zamu anapaswa kuyaandika malalamiko yako katika kitabu cha matukio, ambacho sote tunakiita OB, kisha akupe namba. Namba hiyo ndiyo itakayofungua kila mlango unaofuata: daktari ataiuliza, afisa mpelelezi ataiuliza, na ukirudi baada ya mwezi mmoja ukamkuta askari mgeni asiyekujua, ndiyo itakayokutambulisha. Usitoke bila kuipata. Ukishaipata, mwachie nakala dada yako au jirani unayemwamini, kwa sababu simu hupokonywa na karatasi huchanwa.

Vituo vingi sasa vina dawati la jinsia, na sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani iliyopitishwa mwaka 2015 inamruhusu mlalamishi kuomba taarifa yake ichukuliwe na askari wa jinsia yake. Omba hivyo bila kuona haya. Mwanamke aliyelelewa kwa sitara hawezi kusimama mbele ya kaunta, nyuma yake pana watu wawili waliopoteza vitambulisho, akaeleza yaliyompata chumbani. Sheria hiyo hiyo inamtaka askari akueleze msaada uliopo, ikiwa ni pamoja na matibabu na mahali pa kujihifadhi, na akujulishe kwamba una haki ya kulalamika kwa jinai na haki ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Ukiambiwa kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, mwende mkayamalize wenyewe, fahamu kwamba hilo si jibu la sheria. Omba kumwona mkuu wa kituo, na akikataa naye, ipo mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, inayopokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Baada ya OB utaandikisha taarifa, na hapa naomba subira yenu, kwa maana hapa ndipo adabu yetu inapotudhuru. Lugha yetu imejaa maneno ya kusitiri. Mwanamke aliyepigwa hadi akazirai atasema “tulikosana kidogo”. Aliyeingiliwa kwa nguvu atasema “alinikosea heshima”. Sisi tukimsikia tunaelewa, kwa kuwa tumelelewa katika lugha hiyo, lakini hakimu atakayeisoma taarifa baada ya mwaka atayasoma maneno yaliyoandikwa na hana ruhusa ya kusoma yaliyofichwa nyuma yake. Nimewahi kusoma taarifa ya mwanamke aliyevunjwa mkono, nayo ilisema tu kwamba mumewe alimsukuma wakagombana. Wakili wa mume aliuliza swali moja la haki kabisa: ikiwa mligombana, ni nani aliyemuumiza nani? Kwa hivyo siku hiyo moja, mama zangu, taja kiungo kwa jina lake, taja kilichotumika, ikiwa ni ngumi au mkanda au mchi, taja saa, taja aliyesikia. Eleza pia kwamba hii si mara ya kwanza, ikiwa si ya kwanza, na useme mara zilizotangulia zilikuwa lini, japo kwa kukisia kwamba ni baada ya Idi au ni wiki mtoto alipoingia shule. Taarifa unaweza kuitoa kwa Kiswahili, na una haki ya kusomewa kabla hujatia sahihi. Palipoandikwa sivyo, omba pasahihishwe.

Ikiwa nawe ulimrushia kitu au ulimkwaruza ukijitetea, liseme hilo mwenyewe mwanzoni. Mara nyingi mume naye hukimbilia kituoni kuandikisha ripoti yake ya kukabiliana na yako, na nimeona wanawake wakitiwa seli kwa kupigana kwa sababu walificha jambo ambalo sheria ingeliona kuwa ni kujitetea.

Sasa fomu ya P3. Hii ni karatasi ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, na ndiyo inayomwezesha hakimu kuona usiku ule. Fomu yenyewe hutolewa bure. Watu wengi hudhani kwamba lazima waipate kwanza ndipo watibiwe, wakakaa kituoni damu ikiwatoka. Tangulia kutibiwa, iwe ni Hospitali ya Kaunti ya King Fahd hapa mjini au kituo cha afya kilicho karibu nawe kisiwani, na uhifadhi karatasi za matibabu, kwa kuwa daktari atakayeijaza P3 hata wiki moja baadaye ataegemea maandishi ya yule aliyekuona siku ya kwanza. Katika fomu hiyo daktari huyaweka majeraha katika moja ya daraja tatu, na daraja hilo lina uzito mkubwa katika kuamua shtaka: kumpiga mtu na kumjeruhi kuna adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5, ilhali kumdhuru vibaya sana kunaweza kufikisha mtu kifungo cha maisha. Neno moja la daktari lina uzito huo, basi mweleze kila kitu. Mweleze hasa ukiwa umekabwa koo. Kukabwa huweza kutoacha alama yoyote ya nje, naye mwenye kukabwa huona kwamba amesalimika, lakini sauti ikikwaruza, mate yakawa magumu kumeza au kichwa kikawa chepesi, hiyo ni hatari inayoweza kuua hata siku kadhaa baadaye, na daktari hataitafuta asipoambiwa. Alama za damu iliyovilia chini ya ngozi nazo mara nyingi hujitokeza siku ya pili au ya tatu. Rudi zikaandikwe, na upigwe picha katika mwanga wa mchana.

Aliyeingiliwa kwa nguvu ana saa zake za kuhesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120. Asioge wala asifue nguo zile, azitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, na hospitalini atajaziwa fomu nyingine inayoitwa PRC, ambayo ni ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Nisiwafiche kwamba kwa mume na mke waliooana kisheria pana pengo: sheria ya makosa ya kingono ya mwaka 2006, katika kifungu kimoja, imewatoa wanandoa. Lakini sheria ya 2015 imeutaja waziwazi ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa ni ukatili wa nyumbani, kwa hivyo amri ya ulinzi inaweza kuombwa kwa jambo hilo, na majeraha yaliyotokana nalo yanashtakiwa kama majeraha mengine yoyote.

Nafika sasa kwenye jambo lililomvunja moyo yule mama. Mume akikamatwa, Katiba katika kifungu cha 49 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na zikimalizika wakati mahakama imefungwa, basi siku ya kazi inayofuata. Akikamatwa Ijumaa jioni huenda akaonekana mbele ya hakimu Jumatatu. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Polisi wenyewe pia wanaweza kumpa dhamana kabla hajafika mahakamani. Maana yake ni kwamba, katika kesi nyingi, mtu uliyemripoti atakuwa nje kabla uvimbe haujashuka. Utamkuta gatini, utamsikia msikitini kwa sauti yake ya kuitikia amina, na watoto watakwambia, “Tumemwona baba.” Dhamana si msamaha wala si hukumu kwamba ulisema uongo. Ni ahadi yake kwa mahakama kwamba atafika siku atakayoitwa.

Lililo mikononi mwako ni kusema mapema. Sheria ya kulinda waathiriwa ya mwaka 2014 inataka usalama wako na wa jamaa zako uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa, lakini mahakama haiwezi kuzingatia isilolijua. Mweleze afisa mpelelezi na kiongozi wa mashtaka, kabla ya siku hiyo, kwamba alitishia kukuua, kwamba ana panga, kwamba mnalala nyumba moja, kwamba hata nduguze wamekuwa wakikupigia simu. Uchukue namba ya simu ya afisa huyo na jina lake. Mahakama inaweza kumkataza asikukaribie wala asiwasiliane nawe, na akivunja sharti hilo unarudi kuripoti, naye anaweza kunyang’anywa dhamana. Ujumbe wa vitisho usiufute hata kama unakutia kichefuchefu. Ukihitajika mahakamani huambatana na cheti maalumu cha ushahidi wa kielektroniki, na simu yenyewe iliyoupokea huenda ikahitajika.

Usiku huo atakapotoka, wewe utalala wapi? Swali hili liulizwe siku ya kuripoti, au hata kabla yake. Mji wetu ni wa vichochoro. Anayekutafuta hakosi kukupata kabla ya alasiri. Mpe mtu mmoja unayemwamini kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi za kliniki na dawa unazotumia kila siku. Namba 1195 hupigwa bila malipo mchana na usiku kwa mambo ya ukatili wa kijinsia, na 116 ni kwa ajili ya watoto. Tena nataka tulizungumze jambo ambalo ni letu hasa watu wa Lamu. Kwa desturi ya mji huu baba humwandalia bintiye nyumba au ghorofa anapoolewa, na nyumba nyingi mnazozijua ni za wanawake. Iweje basi kila mara anayefunga mtandio kichwani na kutoka na watoto saa saba za usiku awe ni mwenye nyumba? Mahakama, kwa sheria ya 2015, inaweza kuamuru mume aondoke katika nyumba wanayoishi, na inaweza kufanya hivyo hata kama nyumba ni yake.

Hiyo ndiyo amri ya ulinzi, na ni vyema ieleweke kwamba haitegemei kesi ya jinai. Unaweza kuiomba kwa hakimu hata kama mume hajashtakiwa, hata kama hutaki afungwe, na pakiwa na hatari hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiliza mume. Inaweza kumkataza asikupige, asikufuate, asiingie unapokaa. Akiivunja anakuwa ametenda kosa linaloadhibiwa kwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Tena sheria hiyo haikumtaja mke peke yake. Inamlinda mume anayepigwa, mzazi mkongwe anayedhulumiwa na mwanawe, mchumba, mtalaka, na mtu yeyote wa nyumba ile.

Wengi huniuliza kwa nini wasiende kwa Kadhi. Nendeni kwa Kadhi, lakini kwa jambo lake. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali mahakama yake. Ukitaka talaka au nafaka, yaani matunzo, mlango ni huo, na vyeti vyako vya hospitali vitakufaa huko pia. Mkono uliovunjwa, hata hivyo, ni jinai, na jinai huamuliwa na hakimu. Mahakama hizi mbili hazipingani. Mwanamke anaweza kuwa na shauri katika zote mbili kwa wakati mmoja, na hakuna anayepaswa kumwambia achague.

Sasa naomba nizungumze na wazee na mashehe, nikiwa binti yenu niliyekaa mbele yenu kwa heshima. Kwa niliyoyaona, kesi hizi hazifii kwa hakimu. Hufia sebuleni, katika wiki mbili baina ya dhamana na siku ya kwanza ya kusikilizwa. Watu wazima hukusanyika, kahawa huletwa, na maslaha, yaani suluhu ya wazee, hufanywa. Mume huomba radhi kwa mjomba wa mke. Mjomba huridhika. Pengine hutolewa pesa za matibabu, zikapokelewa na kaka. Mwenye jicho lililofumba yuko jikoni, na huitwa mwisho kabisa kuambiwa kwamba mambo yamekwisha, na kwamba kesho aende kituoni akaondoe kesi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wazee wangu, na mara nyingi baraza zima halina hata mmoja aliyewahi kukilalia kitanda hicho.

Sisemi kwamba suluhu ni haramu. Dini yetu imeamrisha mpatanishi kutoka kwa jamaa za mume na mpatanishi kutoka kwa jamaa za mke, pale inapohofiwa kwamba wawili watafarakana, na ni amri yenye hekima kubwa. Lakini mpatanishi wa upande wa mke ni wa upande wa mke. Kazi yake ni kumsikiliza peke yake, mahali ambapo mume na mama mkwe hawasikii, na kufikisha analolitaka. Aliyekuja na uamuzi tayari mfukoni si mpatanishi. Sheria nayo haikuifunga milango ya maelewano: hakimu anaruhusiwa kuhimiza upatanisho katika makosa madogo ya kupiga. Katika majeraha makubwa na makosa ya kingono, kiti cha wazee hakina mamlaka, hata waliokaa juu yake wakiwa ni wema kiasi gani. Tena kumshurutisha shahidi asifike mahakamani ni jambo linaloweza kumtia mzee mwenyewe matatani.

Kama wazee wanataka kusaidia, kazi ipo tele. Mwambieni kijana wenu asipite kichochoro kile. Hakikisheni watoto wamekula wiki hiyo, kwa sababu njaa ya watoto ndiyo inayowarudisha wanawake wengi kuliko mapenzi au hofu. Mke huyu aliripoti akijua kwamba anayemripoti ndiye anayeleta unga nyumbani, na ujasiri huo humwisha siku ya tatu, mtoto anapolia. Mzazi, kwa sheria ya watoto ya mwaka 2022, haachiwi wajibu wake wa kumlisha mtoto kwa kuwa amekosana na mama wa mtoto, na afisa wa watoto anaweza kulifuatilia jambo hilo bila kungoja kesi ya jinai ikamilike.

Kesi ikifika mahakamani utasikia ikiitwa Jamhuri dhidi ya fulani, na jina lako halimo. Hili huwashangaza wengi. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri; Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kupitia kwa kiongozi wa mashtaka, ndiye anayeiendesha, nawe ni shahidi wake. Ndiyo sababu huwezi kuifuta kama unavyofuta ubao. Ukitaka kuacha, unamweleza kiongozi wa mashtaka na mahakama, na watakuuliza kama umelazimishwa. Ubaya wake ni kwamba hutashika usukani. Uzuri wake, na wanawake wachache huambiwa uzuri huu, ni kwamba mkwe akikujia na lawama unaweza kumjibu kwa ukweli kwamba kesi hii si yako, ni ya serikali.

Siku ya kwanza mshtakiwa husomewa mashtaka na kujibu. Akikana, hupangwa siku ya kusikilizwa, na siku hiyo inaweza kuahirishwa. Daktari amehamishwa kazi, jalada halijafika, wakili yuko Malindi, hakimu ana udhuru. Kesi itatajwa, itaahirishwa, itatajwa tena, na miezi itapita, mara nyingine zaidi ya mwaka. Tafadhalini msilichukue hilo kuwa ni kushindwa. Piga simu kwa afisa wako siku moja kabla, uthibitishe kama kesi ipo, hasa ikiwa unatoka Faza au Kizingitini, kwa maana anayetoka huko anapanga safari yake kwa maji, na maji yakipwa mlango-bahari wa Mkanda haupitiki. Nimemsindikiza mwanamke aliyelazimika kupanda boti moja na mshtakiwa, goti kwa goti, hadi jetini, kisha wakakaa benchi moja wakingoja kuitwa. Alipoingia kutoa ushahidi alikuwa amekwisha chakaa. Laiti ningalijua mapema, ningalimwomba afisa ampangie safari nyingine na karani amtafutie pa kukaa. Haya huombwa, na mara nyingi hukubaliwa, lakini hayatolewi bila kuombwa.

Kizimbani utahojiwa kwanza na kiongozi wa mashtaka, kisha na mshtakiwa au wakili wake. Maswali yatauma. Utaulizwa kwa nini hukuondoka mara ya kwanza, kwa nini ulimpikia siku ya pili, kwa nini kuna picha ya Idi mnacheka. Jibu kwa ufupi na kwa kweli. Usilolikumbuka, sema hulikumbuki. Shahidi anayesema hivyo huaminika zaidi ya yule anayeziba kila tundu. Unaweza kulia, na hakimu atakungoja.

Hukumu ni moja katika kadhaa. Huenda akapatikana na hatia akafungwa, akatozwa faini, au akawekwa chini ya uangalizi wa afisa wa urekebishaji tabia. Huenda akaachiliwa, kwa kuwa jinai hudai uthibitisho usio na shaka ya maana, na hilo si sawa na hakimu kusema kwamba hukupigwa. Amri yako ya ulinzi, ikiwa uliipata, haifutwi kwa yeye kuachiliwa.

Yule mama wa kikaratasi nilikutana naye mwaka jana, harusini. Alinitambua. Nilimwomba radhi, naye akaniuliza kama sasa ninalo jibu la lile swali, nikamwambia ninalo, nikamweleza yote haya tukiwa tumekaa juu ya mkeka hadi watu wakaanza kuondoka. Alisikiliza kimya, kisha akasema kwamba angejua hayo siku ile angengoja. Akasema na jambo la pili: kwamba hata angejua yote hayo, asingeweza kupanda ngazi za mahakama peke yake.

Kwa ajili ya jambo hilo la pili, karibu na mlango kuna meza, na juu yake daftari lenye safu mbili. Safu ya kwanza ni ya mitaa na visiwa: Mkomani, Langoni, Kashmiri, Gadeni, Shela, Matondoni, Kipungani, Mokowe, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau. Safu ya pili iko tupu, na ni ya jina na simu ya mtu mmoja au wawili wa kila mahali walio tayari, siku watakapoitwa, kuvaa na kutoka wakamsindikize mwenzao kituoni, hospitalini na mahakamani, mara zote kesi itakapoahirishwa. Halitabandikwa popote, nami ndiye nitakayelihifadhi. Anayetoka Kizingitini aandike kwanza, maana boti yao inaondoka kabla maji hayajapwa.